Jina Ambalo Mama Hakulitaja

Mama yangu hakuwahi kumwita kaka yangu kwa jina. Alimwita baba. "Baba, njoo ule." "Baba, ng'ombe wa watu wameingia kwenye mtama." Kaka alirithishwa jina la babu mzaa baba, Emilian, na kwetu mwanamke hataji jina la baba mkwe wake. Hata kama mkwe ameshakufa, hata kama jina lenyewe limehamia kwa mtoto aliyemzaa yeye. Bibi mzaa baba naye alimwita kaka "mume wangu", kwa utani wao. Kwa hiyo pale nyumbani aliyemwita kwa jina ni mimi peke yangu, na mimi nililikata, nikasema Emi.

Wanawake wengine wana ujanja wao. Mtoto akirithi jina la mkwe wanamtafutia la pili, maisha yanaendelea. Mama hakuwa na ujanja huo. Bibi alinisimulia kwamba siku ya kwanza kumpeleka kaka kliniki, nesi aliuliza jina la mtoto, mama akatazama chini. Nesi akauliza tena. Mama akamtikisa mtoto kidogo, kama vile mtoto atajibu mwenyewe. Mwanamke mmoja wa huku kwetu aliyekuwa nyuma kwenye foleni ndiye aliyemwokoa.

"Andika Emilian, dada. Huyu ni mkwe, hawezi."

Foleni nzima ikacheka. Mama alirudi nyumbani akasema hataki tena kwenda kliniki, Bibi ndiye akawa anampeleka mtoto.

Mama jina lake ni Klara. Ni mwembamba, anatembea pembeni mwa njia hata kama njia ni tupu. Kanisani anakaa karibu na mlango wa nyuma, na wakati wa kuimba anafungua mdomo lakini ukikaa naye husikii kitu. Dukani anasubiri mpaka wote wahudumiwe, aliowakuta na waliokuja baadaye. Akiuziwa chumvi iliyolowa anarudi nayo nyumbani anaianika. Baba alifariki mimi nikiwa mdogo, simkumbuki, na tangu hapo mama alikuwa na watu wa kumsemea: kwanza Bibi, halafu Bibi alipoanza kuumwa miguu, kaka.

Kaka alifariki mwezi wa kumi na moja mwaka jana. Homa tu. Alikuwa kidato cha tatu, akaletwa nyumbani amelegea, akapelekwa hospitali, akarudishwa kwenye sanduku. Sina maneno mengi hapo.

Msibani wanawake walilia wakimwita kwa jina. Mama alilia "baba, baba, umeniacha na nani." Kulikuwa na mama mmoja aliyetoka Singida mjini na ndugu wa mbali, hajui mambo ya huku. Akaniinamia akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kwani aliyekufa ni baba yake?"

"Ni mwanae," nikasema.

"Aa," akasema, akajifunika kanga.

Mimi sikulia. Nilikuwa nawachotea wapishi maji. Nilijua kilio kitakuja, nikakingoja nikiwa na ndoo, hakikuja. Mpaka leo nikimfikiria nasikia kama mkono uliokufa ganzi, unajua ni wako kwa sababu umeungana na bega, basi.

Baada ya mazishi watu wakabadilisha jina la mama. Zamani kijiji kizima kilimwita Mama Emilian. Wakaanza kumwita Mama Eliza, kwa kumhurumia, wasimkumbushe. Wakawa wanamwita kwa jina langu, na mimi niliyekuwa nimezoea kutotajwa nikawa natajwa kila saa. Mama aliitika bila kugeuza shingo.

Mvua za kwanza zilipodondoka, jirani yetu Laurian aliingiza maksai kwenye shamba letu la bondeni. Shamba hilo limepakana na la Mzee Joseph, mdogo wake babu, ambaye naye ni marehemu na shamba lake alimuuzia Laurian. Katikati ulikuwepo ua wa minyaa. Nilipofika asubuhi minyaa imekatwa, maziwa yake yamekauka juu ya udongo, na maksai wako katikati ya kipande chetu.

"Shikamoo," nikamwambia.

"Marahaba. Mwambie mama yako asihangaike na hapa. Nilinunua kwa Mzee Joseph mpaka kwenye lile jiwe. Niliwaachia mlime kwa ujirani tu."

"Mbona hukusema kaka alipokuwepo?"

"Kaka yako alikuwa mtoto. Wewe ni mtoto zaidi." Akawapigia maksai mluzi, wakageuka.

Kile kipande ndicho chenye unyevu. Huku juu kwetu ni changarawe, ukipata mtama umshukuru Mungu. Tukikosa bondeni, tunakula kwa kuomba. Mama alijua, na Laurian alijua. Alingoja mwanamume wa nyumba azikwe, na aliyebaki ni mwanamke anayeanika chumvi ya watu.

Bibi ndiye aliyesukuma jambo lifike baraza la kata. Siku hizi baraza la kata halihukumu shamba, linasuluhisha tu. Mkishindwana mnaandikiwa mwende baraza la wilaya, Kiomboi, na huko kesi inaweza kukaa misimu, huku mwenzako analima. Mwenyekiti wa baraza letu ni Mzee Naftali, mtu mpole anayezungumza akifuta miwani. Mimi nilikwenda na mama ili asirudi njiani.

Walimkalisha mbele, Laurian upande wa pili kwenye benchi.

"Mama Eliza, shamba ulipewa na nani?" Mzee Naftali akauliza.

"Na baba mkwe," mama akasema. Nilisikia kwa sababu nilikuwa nyuma yake.

"Baba mkwe yupi? Kwa mila zetu una wawili, na Laurian anasema alinunua kwa mmoja wao. Taja jina, katibu aandike."

Mama akatazama mikono yake. Nje mtu alikuwa anapiga pampu ya baiskeli, fss, fss, na mama hajasema.

Mjumbe mmoja wa kike, Mama Magreth, akasema, "Mwenyekiti, huyu ni mkwe. Unamwonea."

"Najua ni mkwe. Hata mke wangu hamtaji baba yangu. Lakini mlalamikaji ni yeye. Nikimtajia mimi, huyu akifika Kiomboi atasema mwenyekiti ndiye aliyemwekea jina mdomoni."

"Naweza kumtaja mimi," nikasema.

"Wewe ulikuwepo shamba likitolewa?"

"Hapana."

"Basi kaa, mwanangu."

Laurian akacheka kidogo. Yeye ni wa hapa hapa, mke wake mwenyewe akimkaribisha mkwe chai anazunguka maneno asimtaje mpaka chai inapoa. Alijua mama amekwama wapi. "Mtu aliyepewa shamba hamsahau aliyempa," akasema. "Labda alipewa na upepo."

Wajumbe wengine wakacheka pia, wakaona aibu, wakanyamaza. Mzee Naftali akaahirisha. Alisema watakaa mara moja tena, na ikishindikana ataandika tumeshindwana.

Njiani nilimwambia mama, "Si ulitaje tu. Ni jina."

Tulipofika karibu na nyumbani akasema, "Wewe unaliita jina. Mimi nikiliita naona watu wawili wanakuja." Halafu akaingia jikoni.

Katika sanduku la kaka la shule kulikuwa na kitabu cha hadithi ambacho jalada lake lilishang'oka, hata jina lake silijui. Nilikuwa nakisoma kidogo kidogo. Mimi shule niliishia kidato cha kwanza, lakini kusoma nasoma. Mama anasoma kwa kufuata kidole, anachoka haraka. Basi mchana tukitoka palizi, yeye akichambua mlenda kwenye kivuli cha ukuta, mimi nilimsomea. Sikumbuki nani alianza kutaka. Nadhani tulitaka kusikia sauti ya mtu asiyezungumzia msiba.

Ni hadithi ya msichana anaitwa Tunu, mwoga wa watu kuliko mama. Analelewa kwa fundi cherehani, mke wa fundi anamtuma na kumkaripia, naye hajibu. Mwanzoni anakula chakula bila chumvi kwa sababu kuomba chumvi kunahitaji kufungua mdomo. Tulipofika hapo mama aliacha kuchambua, akanitazama kama mimi ndiye niliyekitunga kile kitabu.

"Anasema nani hayo?"

"Kitabu."

"Haya, endelea."

Baadaye familia ya fundi inaamua kumwoza Tunu kwa ndugu yao mmoja, bila kumuuliza. Kurasa nyingi zinapita Tunu anashona nguo za harusi yake mwenyewe. Mwishoni kabisa anaamka alfajiri, anakwenda stendi na mkoba. Basi limeshawashwa. Kondakta anamuuliza, "Unakwenda wapi, dada?" Tunu anamtazama, anafungua mdomo. Kitabu kinaishia hapo.

"Endelea," mama akasema.

"Imeisha."

"Geuza ukurasa."

"Nimegeuza. Kuna jina la kiwanda cha kuchapa vitabu tu."

"Zimechanika."

Nikampa aone. Akapitisha kidole pale kwenye mshono, akakuta hakuna karatasi iliyotoka. Akanirudishia.

"Sasa alipanda au hakupanda?"

"Hakusema."

"Hakusema nani? Tunu au mwandishi?"

"Wote wawili."

Mama akachambua mlenda muda mrefu. Mimi nilisema Tunu alirudi nyumbani. Mtu aliyekaa kimya maisha yake yote hawezi kuanza stendi, mbele ya wapiga debe. Nilisema hivyo bila ubaya, na nilikuwa namaanisha.

"Mkoba ulikuwa begani au chini?" mama akauliza.

Nikatafuta. "Chini. Katikati ya miguu."

"Anayeondoka haweki mkoba chini."

"Anayerudi naye haweki chini."

"Basi alikuwa amechoka," mama akasema.

Siku iliyofuata aliniambia nimsomee tena mahali pengine, siyo mwisho. Katikati ya kitabu kuna mteja mkubwa anayeleta kitambaa ashonewe gauni, na fundi anakubali ingawa anaona hakitoshi. Tunu, aliyekuwa anaokota vipande chini, anasema, "Hakitoshi, mama. Kimepungua mkono mmoja." Ni mstari huo tu. Hakuna anayemsifu, fundi anakasirika, hadithi inapita. Mimi nilipousoma mara ya kwanza hata sikuuona.

"Hapo ndipo alipokua," mama akasema. "Siyo stendi."

"Kwa nini hapo?"

"Hapo hakuna aliyemuuliza. Stendi aliulizwa." Halafu akasema, "Na mwandishi alipita tu hapo, kama hakuona. Au aliona akaacha."

Nililifikiria hilo nikiwa nalima. Kwangu mwisho ulikuwa ndio kila kitu, kama mlango: uko ndani au uko nje. Mama hakuujali mlango. Yeye alikuwa anamwangalia Tunu kama unavyomwangalia ndama, leo amesimama, kesho amenyonya, hungoji siku moja ya kusema sasa ni ng'ombe. Lakini bado nilitaka kujua. Nilikasirika kwamba mtu anaandika kurasa zote zile halafu anaziba mdomo wa msichana kwa nukta.

"Baba alikimaliza hiki?" mama akauliza jioni moja. Baba maana yake kaka.

"Alikimaliza. Alikuwa anakirudia."

"Alisema alipanda?"

"Sikumuuliza."

"Mimi ningemuuliza," mama akasema, akainuka kwenda kuwafungia mbuzi.

Siku ya baraza la pili alivaa kanga ya kawaida, siyo ya kanisani. Njiani tulikutana na Evodia, mke wa jirani mwingine, akitoka kisimani. Akasalimia akasema, "Mnakwenda kunyamaza tena?" Alisema kwa kucheka, hakuwa na nia mbaya sana. Mama akamjibu salamu.

Walikaa kama mara ya kwanza. Laurian alikuwa ameshapanda alizeti, imeota, alikuja na vidole vyenye udongo ili tuone. Mzee Naftali akafuta miwani.

"Mama Eliza. Shamba ulipewa na nani?"

Mama akasimama. Hakuna aliyemwambia asimame, watu hujibu wamekaa. Nilimwona mgongo tu. Halafu akasema, "Emilian."

Hakusema kama mtu anayejibu. Aliita. Aliita kwa sauti ile ambayo akina mama wa huku wanamwitia mtoto aliye ng'ambo ya shamba, ndefu mwishoni, na sikuwa najua kwamba mama anayo. Mama Magreth na mjumbe mwingine waligeuka kutazama mlangoni. Hata mimi nikageuka. Palikuwa na jua, na kuku wa ofisi anakwarua.

Katibu alikuwa ameacha kuandika. Mzee Naftali akasema taratibu, "Rudia, mama, aandike."

"Emilian," mama akasema, sasa kwa sauti ya kawaida. "Mkubwa wa Joseph. Alinipa nilipozaa mtoto wa kwanza. Alinionyesha kwa fimbo, kutoka kwenye jiwe mpaka kwenye minyaa, na minyaa niliipanda mimi." Akakaa.

Ndiyo mara ya kwanza nilisikia jina la kaka kwa sauti ya mama. Nilijua pale pale kwamba ni jambo kubwa. Nililijua kwa kichwa. Kifuani palikuwa kama siku ya msiba na ndoo.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Mzee Naftali akamgeukia Laurian.

"Joseph alikuonyesha mpaka wapi?"

"Mpaka kwenye jiwe."

"Na minyaa uliikata ya nani?"

Laurian akasema minyaa huota popote. Mama Magreth akamwambia minyaa haioti kwa mstari kama wanafunzi. Wajumbe waliomjua babu wakaanza kusema, kila mmoja na lake, nani alimwona babu akilima pale, nani alichunga pale. Jina lilikuwa limeshatajwa, kila mtu akawa na ruhusa. Mwisho Laurian akakubali kurudi kwenye visiki vya minyaa, na alizeti iliyoota ikabaki ya mama.

"Na mbegu yangu?" akauliza.

"Labda ilipeperushwa na upepo," Mzee Naftali akasema, akavaa miwani. Wakaweka saini, na mama akaweka dole gumba ingawa anajua kuandika jina lake.

Tukirudi nilimfikiria Tunu, sikutaka lakini alikuja. Nikaona kwamba swali langu lilikuwa dogo. Hata kama alisema "nakwenda mbali", hata kama alisema "nimekosea, narudi", ni neno moja, na basi lingeondoka. Kitu ambacho mwandishi hakukisema, na mimi sikukiuliza, ni anakaaje na sauti yake kesho yake. Mama alikuwa anatembea pembeni mwa njia kama siku zote.

Kesho yake kisimani nilisikia. "Amemtaja mkwe mchana kweupe," Evodia alikuwa anawaambia wenzake, "tena kwa kumwita. Kesho atamwita aje kupalilia." Waliponiona wakanisalimia vizuri kupita kiasi. Wawili hawakuja kwetu kuazima kinu wiki ile, na kabla ya hapo waliazima kila siku.

Mama akakamata tetea, akamfunga miguu, akaenda nyumba ya Bibi, ng'ambo ya uwanja. Mimi nilikuwa nampa Bibi dawa ya kuchua miguu. Mama akapiga magoti mlangoni.

"Shikamoo mama. Nimekosa."

"Marahaba. Nimeshaambiwa," Bibi akasema. Anazungumza Kinyiramba, polepole. "Wamepita hapa kuniambia, kila mmoja anadhani ni wa kwanza. Laurian alikaa wapi?"

"Mbele yangu."

"Alisikia vizuri?"

"Alisikia."

"Basi. Chinjeni huyo kuku, ana mafuta."

Nilimchinja mimi, maana hakukuwa na mwanamume. Tulikula kwa Bibi, ugali wa mtama na mchuzi. Katikati ya kula Bibi akasema, "Umeshalitaja, Klara. Sasa mwite na mwanao kwa jina lake. Aliyekuwa wa kukuzuia ni mimi, na mimi nakuruhusu."

Mama alikuwa ameshika tonge. "Nimeshamwita, mama," akasema. "Pale barazani nilimwita yeye. Baba mkwe nilimpitia tu."

Bibi akaingiza mkono kwenye bakuli, akatafuta mpaka akaipata firigisi. Firigisi kwetu ni ya mwanamume wa nyumba, mwanamke haili. Akaiweka mbele ya mama.

"Mpe Eliza," mama akasema.

"Eliza ana miaka ya kungoja. Kula wewe."

Mama akala. Alitafuna taratibu akitazama ukutani, kama mtu anayeonja dawa kujua kama ndiyo yenyewe. Nilimtazama nikingoja alie, au nilie mimi. Hatukulia. Bibi akasema niongeze kuni, maji yake ya kuoga yalikuwa bado ya baridi.